Kusoma kwa Burudani Ukiishi na Sonona au Baipola: Mwongozo kwa Msomaji wa Mtwara na Lindi

Mtu anayeishi na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au na baipola, ugonjwa unaomshusha majuma kadhaa kwenye huzuni hiyo na kumpandisha majuma mengine kwenye msisimko uliopita kiasi, mara nyingi huona kwamba kitabu ni miongoni mwa starehe za mwanzo kumponyoka. Si kwamba ameacha kupenda kusoma. Sonona hupunguza umakini, huchosha kumbukumbu na huondoa ladha ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha, kwa hiyo msomaji huimaliza aya nzima, akafika kwenye nukta, asijue aya ilikuwa inasema nini. Akirudia mara ya pili na ya tatu bila mafanikio, hufunga kitabu na kujihukumu kuwa ni mvivu au kuwa akili yake imekwisha. Hukumu hiyo si ya haki. Kinachotakiwa kubadilika ni aina ya kitabu, saa ya kukisoma na kipimo cha kusoma, na vyote hivyo vifuate hali uliyoamka nayo siku hiyo.

Kabla ya kuchagua kitabu, basi, jiulize uko wapi. Ushauri unaomfaa aliyeshuka unaweza kumdhuru aliyepanda, maana wa kwanza anahitaji kusukumwa kidogo ili aanze, na wa pili anahitaji kizuizi ili aache. Kati ya hali hizo mbili kuna siku za kawaida, na hizo ndizo siku za maandalizi: kujiandikisha maktaba, kuweka vitabu vichache karibu na kitanda, na kuzungumza na mtu wa nyumbani atakayekusaidia mambo yatakapobadilika. Anayengoja hadi ashuke ndipo atafute kitabu chepesi huenda asikipate, kwa sababu siku hizo hata kuvaa viatu na kutoka nje ni kazi.

Ukiwa umeshuka, usingoje hamu. Katika sonona hamu aghalabu huja nyuma ya tendo, na ndiyo sababu wataalamu wa afya ya akili huwahimiza wagonjwa kuanza na shughuli ndogo zilizokuwa zikiwapendeza kabla raha yenyewe haijarudi. Weka kipimo kidogo kiasi cha kukuchekesha: ukurasa mmoja, au beti mbili za shairi, au kisa kimoja kifupi gazetini. Ukishafika hapo una ruhusa kamili ya kufunga. Sikubaliani kabisa na desturi ya kuhesabu vitabu vilivyosomwa kwa mwaka, kwani mwenye sonona huigeuza hesabu hiyo kuwa deni jingine la kujilaumu nalo, na madeni ya namna hiyo tayari anayo ya kutosha.

Saa nayo ina uzito wake. Wengi wenye sonona huamka asubuhi wakiwa na hali mbaya kuliko wakati mwingine wowote wa siku, na dawa za usiku zinazoleta usingizi huongeza uzito huo, kisha makali hupungua kadiri jioni inavyokaribia. Alasiri, kuanzia saa kumi hivi, ndiyo inayofaa kujaribiwa kwanza. Mikindani, Shangani au Lindi mjini, saa hiyo jua limeanza kulegea na upepo wa bahari unapita, lakini chumba kilichoezekwa bati bila dari bado kina joto la kumtoa mtu jasho, kwa hiyo tandika mkeka barazani au peleka kiti chini ya mwembe. Anayeishi Newala au Tandahimba ana kivuli cha mkorosho, ila msimu wa kuokota korosho asijidanganye kwamba atasoma alasiri, kwani kazi humaliza mchana wote, na ukurasa mmoja baada ya chakula cha jioni unatosha.

Kuhusu kitabu chenyewe, anza na ulichowahi kukisoma ukakipenda. Kurudia kitabu hudharauliwa bure. Unajua tayari nani atakufa na nani ataolewa, kwa hiyo kumbukumbu yako haibebi mzigo wa kisa, na unabaki huru kufurahia namna kilivyosimuliwa. Baada ya hapo zipo hadithi fupi, mashairi, hekaya na riwaya za upelelezi zenye wahusika wachache. Vitabu vya watoto visikuaibishe, kwani vina sentensi fupi, maandishi makubwa na picha za kupumzishia macho. Riwaya ndefu ya ukoo wa vizazi vitatu iache isubiri. Kitabu kinachoeleza kwa undani jinsi mhusika anavyojiua usikifungue kabisa katika siku mbaya, na kama hujui ndani mna nini, mwombe aliyekwisha kukisoma akueleze mapema, pamoja na mwisho wake. Wapo watakaosema kufanya hivyo ni kuharibu utamu. Waache na utamu wao.

Kwa kumbukumbu inayokatika kuna msaada usio na gharama. Kata kipande cha karatasi cha upana wa vidole vitatu, kiweke ndani ya kitabu mahali ulipoishia, na kila unapofunga andika juu yake sentensi mbili au tatu za kukukumbusha kisa: “Asha ni mke wa pili. Barua imefichwa kabatini. Mjomba bado hajui.” Ukirudi kesho, au baada ya wiki mbili, soma kwanza karatasi, rudi nyuma aya moja, ndipo uendelee. Usiandike ulichojifunza wala maoni yako kuhusu mwandishi, maana hiyo ni kazi ya darasani na itakuchosha. Andika nani yuko wapi na anataka nini, basi. Wenye tabia ya kuacha vitabu katikati kwa sababu wamesahau vilipoanzia ndio watakaouona upesi msaada wa karatasi hii.

Macho yakishindwa kushika mstari, fuatisha kwa kidole na usome kwa sauti, kwa kuwa sauti hulazimisha mwendo wa taratibu na huziba mwanya ambao mawazo mabaya hupenyea. Kama nyumbani kuna mtoto, msomee yeye. Ukimwambia “Hadithi, hadithi!” atakuitikia “Hadithi njoo!”, na atakapokukatiza kuuliza kwa nini sungura amemdanganya fisi, atakuwa anakurudisha kwenye kisa bila mwenyewe kujua. Siku ambayo hata sauti haitoki, geuzeni zamu, akusomee yeye au dada yake, nawe usikilize ukiwa umelala mkekani.

Vitabu vinapatikana, ingawa si kwa usawa. Mtwara mjini na Lindi mjini zipo maktaba za mkoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na Ndanda watawa Wabenedikti wameendesha kiwanda cha uchapaji kwa miaka mingi. Aliyeko Liwale au vijiji vya ndani vya Ruangwa hana budi kutegemea mwalimu wa shule ya jirani, majirani waliosomesha watoto, au simu. Ukisomea kwenye simu, pakua kitabu mapema kisha zima data, kwa sababu ujumbe mmoja wa kundi la familia unatosha kufuta ukurasa mzima kichwani. Maktaba nayo ina faida ambayo watu hawaisemi: inakutoa nyumbani, na hailazimishi mazungumzo. Azima kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiona tarehe ya kurudisha inakaribia nawe umeshuka, mtume ndugu akirudishe au akuombee muda zaidi, kuliko kukikalia kwa aibu hadi ukaogopa kurudi tena.

Sasa upande wa pili, ambao nadhani unahitaji maneno mengi zaidi kwa sababu haufanani na ugonjwa. Mwenye baipola anapoanza kupanda, kusoma huwa kutamu kupita kiasi. Anafungua vitabu vitano kwa pamoja, anaona uhusiano kati ya sentensi ya kitabu hiki na tangazo la redio, anaandika pembezoni mwa kurasa, halali, na asubuhi hahisi uchovu. Baada ya majuma ya kushindwa aya moja, hali hiyo huonekana kama baraka. Hata hivyo kupungua kwa usingizi ni dalili ya kupanda, na tena ni kichocheo kinachoweza kumpandisha mtu zaidi, kwa hiyo kila usiku unaopotea kwa ajili ya kitabu unaongeza hatari. Hapa kanuni ni ngumu na haina huruma: weka saa ya kufunga, kwa mfano saa tatu usiku, na kitabu kilale chumba kingine. Afadhali saa hiyo asiilinde mgonjwa peke yake. Siku ukiwa mtulivu mwambie mzazi au mwenzako wa ndoa, kwa maneno yaliyo wazi: “Mama, ukiniona na kitabu baada ya saa tatu, nakuomba unipokonye, hata nikikasirika.” Ruhusa iliyotolewa mapema huwaepusha wote wawili na ugomvi wa usiku.

Hapo ndipo penye mzizi wa maneno yanayosikika sana mitaani kwetu, kwamba fulani “alisoma mpaka akachanganyikiwa.” Ndugu waliona taa inawaka usiku kucha, wakaona vitabu vimetapakaa, na baada ya siku chache mtu akaanza kusema mambo yasiyoeleweka, wakaunganisha la kwanza na la mwisho. Kusoma hakuleti baipola. Mara nyingi walichokiona ni ugonjwa uliokwisha kuanza, ukijionyesha kwa njia ya kusoma. Inafaa kuwaeleza hivyo wazee bila kubishana nao, na kuwakubalia sehemu iliyo kweli, yaani kwamba mkesha unadhuru. Mzee akisikia kwamba umekubali kuzima taa mapema, hatakuwa na haraka ya kukuchomea vitabu au kukupeleka kwa mganga.

Fedha nayo ichungwe. Kutumia pesa bila kipimo ni dalili inayojulikana ya kupanda, na katika mikoa yetu hatari huongezeka malipo ya korosho yanapoingia. Kama unapenda kununua vitabu, andika orodha ukiwa mtulivu, fedha za vitabu azitunze mtu mwingine, na kitabu kisichokuwa kwenye orodha kikae siku saba kabla ya kununuliwa.

Vitabu vya dini vinahitaji uangalifu wa pekee, nami naligusa jambo hili kwa heshima, maana kwa wengi wa Lindi na Mtwara Kurani au Biblia ndicho kitabu kinachosomwa kuliko vyote. Aliyeshuka huelekea kuokota aya za adhabu na kuziona zimeandikwa kwa ajili yake. Aliyepanda anaweza kuona ametumwa au amepewa ujumbe ambao wengine hawakupewa. Hakuna haja ya kuacha ibada. Soma sehemu ulizozizoea tangu utotoni, soma pamoja na wengine, na ukiona aya moja inakurudia usiku na mchana, mpelekee sheikh, padri au mchungaji anayekufahamu na anayejua unatumia dawa.

Kuna vikwazo ambavyo havitoki kwenye ugonjwa, bali kwenye dawa au macho. Amitriptilini, dawa ya sonona, hukausha mdomo na inaweza kufanya maandishi ya karibu yaonekane yamefifia, na kabamazepini, inayotumika kwa baipola, inaweza kumfanya mtu aone vitu viwili viwili, hasa dozi ikiwa kubwa. Lithiamu, dawa nyingine ya baipola, huwatetemesha wengine mikono, basi kitabu kizito kiegemeze mezani. Usipunguze wala kuacha dawa ili usome vizuri. Mweleze daktari tatizo kama lilivyo, maana pengine dozi au saa ya kuinywa inaweza kubadilishwa. Aliyevuka miaka 40 apime macho pia. Wapo wanaodhani akili imechoka kumbe wanahitaji miwani ya kusomea.

Siku ya kliniki, iwe hospitali ya Ligula, Sokoine, Nyangao au Ndanda, chukua kitabu chembamba cha kusomea foleni, na ukiingia kwa mtaalamu mwambie unavyosoma, kwa kuwa taarifa hiyo inamsaidia. Kama kwa wiki mbili au zaidi hakuna kinachokufurahisha, usingizi na hamu ya kula vimebadilika na huwezi kumaliza hata ukurasa uliokuwa ukiumaliza, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kama umelala saa mbili tatu tu kwa siku kadhaa na bado una nguvu tele, nenda pia, hata kama unajisikia vizuri kuliko wakati wowote. Mawazo ya kujiua yakija, weka kitabu chini, mwambie mtu aliye karibu kwa maneno ya wazi, na akusindikize hospitali siku hiyohiyo.