Mkaa wa vifuu kwa pipa, kazi yote iko kwenye kuziba

Juzi nilikuwa kwa shemeji Mkuranga tunachoma vifuu vya nazi ili tutengeneze mkaa mbadala, pipa lake la kwanza likatoka jivu tupu, nikacheka maana na mimi nilianza hivohivo. Wacha niandike.

1. Tafuta pipa la chuma la lita 200. La kemikali au dawa za shamba hapana. Kata mfuniko wa juu kwa tindo, chini toboa matundu saba nane ya kupita kidole gumba. Fundi asikate kwa moto pipa lililobeba mafuta, ule mvuke unalipuka.

2. Pandisha pipa kwenye mawe matatu, washa vifuu vichache vikavu, vikishika ongeza kidogo kidogo mpaka lijae.

3. Sasa kuziba. Moshi wa kwanza mweupe mzito ni maji yanatoka. Unafuata wa njanonjano unaowasha macho, hizo ni gesi na lami, ukiziba hapo utapata mkaa nusu mbichi na jikoni utakufukuza. Subiri mpaka ubaki mwembamba wa bluu, hapo usiende hata kunywa chai. Shusha pipa chini (wawili, na magunia yaliyolowa), funika, ziba. Mimi niliziba juu vizuri kwa tope, chini nikarushia mchanga mkavu nikaenda kulala, upepo ukapita chini usiku kucha, asubuhi nakuta jivu la kupakia kwenye ndoo moja. Kwahiyo chini nako tope, tena la mfinyanzi, pitisha mkono kote, halafu rudi baada ya saa moja maana joto linalipasua. Popote unapoona moshi unatoka ujue hewa inaingia, paka tena. Usifungue kabla ya masaa 24, mkaa wenye joto ukipata hewa unawaka wenyewe. Na usiliingize pipa ndani hata kama mvua inanyesha, gesi ya mkaa unaoungua (kaboni monoksaidi) haina harufu na inaua.

4. Ponda, chekecha, changanya na uji wa muhogo (unga wa mkaa kilo 10, unga wa muhogo kilo moja hivi haizidi), finyanga, anika. Mashine sio lazima, kopo linatosha.

Kilo 100 za vifuu vikavu zikikupa mkaa kilo 25 mpaka 30 umechoma vizuri. La pili la shemeji tulilifungua kesho yake mchana, akagonga kipande kwa kipande kikalia kama kigae.