Mlango wa Pweza: namna ya kutunga hadithi ya bahari kwa watoto wa visiwani

Anza na ngano, somo la kutunza bahari litafuata. Waendee wazee wasiopungua watatu, wa vijiji tofauti, uwaombe wakuhadithie kisa kilekile. Wanapokubaliana wote, usipaguse. Wanapotofautiana ndipo ulipo uwanja wako wa kutunga. Ukiambiwa jambo la mizimu halitoki nje, lisitoke.

Tazama kisa cha Misali, kisiwa kilicho magharibi ya Pemba. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala, mkeka wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, naye akasema kisiwa chenyewe ni mithili ya msala. Eneo hilo liliwekewa hifadhi mwaka 1998. Mtoto aliyelelewa Pemba haelezwi zaidi ya hapo; anajua msala hautupiwi taka.

Kisha chagua kiumbe mmoja, na tabia yake ya kweli ndiyo iwe mkasa. Mimi ningeanza na pweza. Jike hutaga msimu mmoja tu maishani. Hutundika mayai kwenye dari ya shimo, makumi ya maelfu, vishada vya punje ndogondogo. Huziba mlango kwa mawe, huyapulizia mayai maji safi, hatoki kutafuta chakula, na yakishaanguliwa hufa. Anayemchokoa mapema ameondoka na mama na wana. Na kwa kuwa pweza hukua upesi mno, mwamba ukipumzishwa miezi michache tu, wavuvi huona tofauti. Wavuvi wa Kisiwa Panza, Pemba, hufunga sehemu ya mwamba wao kwa ajili hiyo.

Sasa jenga kisa juu ya lile jiwe. Ni bamvua, maji yamekupwa, binti na bibi yake wako mwambani. Binti anageuza jiwe, anasikia sauti:

Mlango wangu ni jiwe,
wanangu wasiibiwe.

Kibwagizo hicho kina mizani nane kila mstari; watoto hukishika wakikisikia mara mbili. Kirudie mara tatu, cha kwanza kisipite ukurasa wa tatu. Kumrudishia pweza jiwe lake ni tendo ambalo mtoto wa miaka sita analiweza kesho yake asubuhi, kwani viumbe walio chini ya jiwe lililogeuzwa hukaushwa na jua. Kukomesha uvuvi wa baruti hakuwezi, basi usimtwike.

Kwa umri wa miaka 5 hadi 8, andika kurasa 12 za picha, kila moja isizidi maneno 50. Ukisoma kwa sauti ni dakika tano au sita. Fungua kwa “Paukwa!” na uache nafasi ya watoto kujibu “Pakawa!” Tumia maneno ya pwani yenyewe: kupwa, kujaa, kusi (upepo wa kusini), dema (mtego wa samaki). Kama mtoto wa mjini hayajui, picha itamwonyesha.

Kosa linaloua hadithi nyingi za namna hii ni kumfanya mvuvi kuwa adui. Msikilizaji wako baba yake ni mvuvi. Ukimtukana baba, umempoteza mtoto. Mvuvi awe ndiye anayejua bahari na kumfundisha binti. La pili ni jini wa kutisha: mtoto ataogopa maji, asiyapende. La tatu ni bibi kuhutubia ukurasa mzima mwishoni. Bibi na anyamaze, ashike upande mmoja wa jiwe.

Michoro mwonyeshe mchokoa pweza kabla haijapakwa rangi. Wachoraji husahau hesabu ya mikono, huiweka sita au saba, na watoto wa pwani huhesabu.

Jaribu hadithi kwa watoto wanane au kumi. Usiwaulize chochote siku hiyo. Kesho yake waombe wakuhadithie wewe. Walichokiruka wote, kifute. Wakikumbuka pweza lakini wamesahau jiwe, kibwagizo kimechelewa: kisogeze mbele, usome tena kwa kundi jingine.