Namna ya kuandaa chemsha bongo ya Edgar Allan Poe isiyozua ubishi

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniomba nimsaidie kuandaa chemsha bongo ya Poe, mwandishi Mmarekani wa mashairi na hadithi, kwa klabu yake ya vitabu. Maswali aliyoyachota mtandaoni yalikuwa mengi, ila mengi yake yalikubali majibu mawili, na ukumbini jibu la pili ndilo linaloleta kelele. Tuliyasafisha hivi.

Hatua ya 1. Gawa maswali mafungu matatu: maisha, kazi zake, kifo.

Hatua ya 2. Anza na mepesi. Alizaliwa wapi? Boston, 19 Januari 1809. Wazazi wake walikuwa na kazi gani? Waigizaji wa jukwaani. Alijiunga na jeshi mwaka 1827 kwa jina gani? Edgar A. Perry. Jina la kati liandike Allan, si Allen.

Hatua ya 3. Chuja kila jibu. Hapa usiwe na haraka.

Poe alifariki 7 Oktoba 1849. Siku mbili baadaye gazeti la New York Tribune lilitoa tanzia ya kumchafua, iliyotiwa saini "Ludwig". Huyo Ludwig ni Rufus Griswold, hasimu wake, ambaye baadaye ndiye aliyehariri kazi zake na kuandika habari za maisha yake, huku akighushi barua. Udanganyifu wa barua hizo uliwekwa wazi kabisa na msomi Arthur Hobson Quinn kwenye wasifu wa Poe wa mwaka 1941. Kwa hiyo ukikutana na kisa cha Poe mlevi mwendawazimu, uliza kwanza kimetoka kwa nani. Pombe alikunywa kweli. Yaliyopambwa juu yake ndiyo ya kuchuja.

Chanzo cha kifo usikiulize kabisa. Tarehe 3 Oktoba aliokotwa Baltimore akiwa hajitambui, amevaa nguo zilizoonekana si zake. Siku hiyo ilikuwa ya uchaguzi, ndiyo maana wapo wanaosema alitekwa na kuleweshwa ili apigishwe kura mara nyingi. Wengine wanataja kichaa cha mbwa. Hakuna aliyethibitisha. Uliza mji, inatosha.

Usiulize "nani alimuasili". John Allan, mfanyabiashara wa Richmond, alimlea tu, hakumuasili kisheria. Ukiuliza umri wa Virginia, mke wa Poe, alipoolewa mwaka 1836, ongeza neno "halisi": alikuwa na miaka 13, lakini hati ya ndoa ilisema 21. Na The Murders in the Rue Morgue ya 1841 iite hadithi "inayotajwa mara nyingi" kuwa ya kwanza ya upelelezi. Bila maneno hayo matatu, mjuaji wa nyuma atasimama.

Shairi la The Raven, lililotoka Januari 1845, lina beti 18. Beti ngapi huishia na "nevermore"? Ni 11, lakini hesabu mwenyewe kwa kidole: beti za mwanzo huishia "nothing more", na wa pili "evermore".

Hatua ya 4. Hakiki kwenye tovuti ya Chama cha Edgar Allan Poe cha Baltimore, yenye matini zenyewe. Programu za simu zenye maswali tayari mimi sizitaki, zinanakiliana makosa. Maswali yaandike kwenye kadi za manila, umeme ukikatika mchezo unaendelea.

Hatua ya 5. Weka moja la kufungia. Langu ni hili: katika riwaya yake pekee aliyoikamilisha, ya Arthur Gordon Pym (1838), mabaharia waliokwama baharini wanapiga kura ya bahati nasibu kumpata wa kuliwa, kisha wanamla mwenzao. Jina la aliyeliwa? Richard Parker. Mwaka 1884 mashua Mignonette ilizama, na kijana aliyeuawa akaliwa na wenzake aliitwa Richard Parker kwelikweli. Ila kama kundi moja lina mwanasheria, badilisha swali: kesi hiyo, ya Dudley na Stephens, mabaharia walioshtakiwa kwa kumuua, ni maarufu sana kwenye madarasa ya sheria ya jinai.