Namna ya kuipigania reli nyepesi ya Mtwara kabla viwanja havijaisha

Jamani watu wa Mtwara, hili nimeliongea vijiweni mda mrefu, leo naliandika lote ili mwenye nia ajue pa kuanzia. Nataka tupate treni ya umeme ya mjini, itoke Mikindani ipite Mitengo kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, iingie mjini hadi karibu na bandari, halafu tawi moja liende Naliendele. Najua mtu atasema mji bado mdogo. Sensa ya 2012 ilituhesabu 108,299 manispaa nzima na toka hapo tumeongezeka sana, viwanja vinapimwa kila upande, sasa tukisubiri mji ujae ndo tuanze kutafuta pa kupitisha reli tutakuta nyumba za watu. Waulizeni wa Kimara kule Dar nyumba zilivyovunjwa 2017 kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro.

Cha kwanza kabisa ni kuhesabu watu. Sisi tuna kata inaitwa Reli na reli yenyewe haipo, wazee wanajua, mkoloni alijenga ya kutoka bandarini kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, karanga zenyewe hazikuja, 1962 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Ilijengwa kusubiri mzigo ambao haukuwepo. Ndo maana mimi sitaki tuanze na picha nzuri za treni, nataka tuanze na daftari. Kaa sehemu moja barabara ya Mikindani saa 12 mpaka saa 2 asubuhi, mwenzio akae ng'ambo, andikeni kila Hiace, Coaster, bajaji na boda inayopita na ndani ina watu wangapi, wanaoingia mjini waandikeni mbali, wanaotoka mbali. Fanyeni Jumatatu, rudieni katikati ya wiki, na Jumamosi pia maana ya Jumamosi ni tofauti kabisa. Halafu msimu wa korosho, Oktoba mpaka Disemba, hesabuni tena peke yake msichanganye, kipindi kile hela ipo na watu wanatembea, ukichanganya utapata namba ya uongo na mtaalamu ataiona.

Hiyo namba ndo itakusaidia kuongea. Treni nyepesi ya mita kama 30 inabeba watu karibu 200 wakiwemo waliosimama, hao hao ukiwapakia kwenye bajaji watatu watatu unahitaji bajaji zaidi ya 60. Ukimwambia mtu hivyo anaelewa hapo hapo.

Baada ya hapo nenda manispaa, ofisi ya mipango miji, omba kuoneshwa mpango kabambe wa mji, yaani ramani ya namna mji utakavyopangwa miaka ijayo. Usiende kwa shari, nenda kama mwananchi, salimia vizuri, ulizia je kuna njia yoyote iliyochorwa kwa ajili ya usafiri wa umma. Reli ya njia mbili, kwenda na kurudi, inataka upana wa mita kama 8 hivi, vituo vinaongeza kidogo. Barabara kuu kisheria ina hifadhi ya mita 30 kila upande toka katikati, kwahiyo pale ambapo hifadhi haijavamiwa nafasi inaweza kupatikana bila kumbomolea mtu. Hiki ndo kitu cha kuomba kwa sasa, watenge njia na wafanye upembuzi yakinifu, yaani wachunguze kama mradi unawezekana, basi. Ukiomba treni watakujibu hela hakuna na mjadala unaishia hapo, ila kuchora mstari kwenye ramani mapema ni gharama ndogo sana.

Ombi lipitie mtaani. Mwombe mwenyekiti wa mtaa aliweke kwenye ajenda, lijadiliwe, na uhakikishe limeingia kwenye muhtasari wenye mhuri maana maneno ya mdomo yanapotea. Toka hapo kamati ya maendeleo ya kata, kisha diwani alipeleke baraza la madiwani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 kwahiyo ukija Mei umechelewa, anzeni miezi ya mwisho wa mwaka hata kama watu wako bize na korosho. Karatasi iwe moja tu, namba zenu juu, ombi chini.

Sasa vijana wa bajaji na boda. Hawa msiwazunguke, tafadhali. Wana mikopo, wana familia, wakisikia treni wanasikia njaa na wana haki ya kuogopa. Nendeni kijiweni kwao mapema kabla ya kikao, waambieni treni haimfikishi mtu mlangoni, bado atahitaji wa kumtoa kituoni mpaka Chuno au Ufukoni, na kwenye ombi andikeni wazi kwamba kila kituo kiwe na sehemu yao ya kupaki. Mkiwa nao kikao kinakuwa chenu.

Mwisho ulizeni habari ya vipuri. Addis Ababa walizindua yao 2015, treni 41, ilibeba watu wengi kweli na mimi naiheshimu sana hatua ile, ila baadae nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri. Kwahiyo yeyote atakayekuja na mpango aulizwe karakana itakuwa wapi, nani atafundishwa kutengeneza, hela ya matengenezo ya kila mwaka itatoka wapi. Umeme angalau tuna pa kuanzia, gesi ya Mnazi Bay inafuliwa umeme hapa hapa kwetu.

Mimi naanza kuhesabu Jumatatu saa 12 asubuhi pale Mangamba, nna madaftari mawili, natafuta mtu wa kukaa ng'ambo ya barabara.