Somo: Kukokotoa paa la bati kabla ya kwenda dukani

Vijana wa kidato cha tatu na wale wa vyuo vya ufundi hapa Tanga, shikeni kalamu na kikokotoo. Leo tunachora paa la pande mbili kwa nyumba ndogo kama zile za Ngamiani, urefu mita 9, upana mita 6. Nataka mwone hesabu ikiubadilisha mchoro wenyewe, maana wengi mnachora kwanza, hesabu mnaipachika baadaye.

Hatua ya 1: Kona. Fundi atawapimia 3, 4, 5 (pembetatu ya pande hizo ina kona mraba). Sawa kabisa, lakini pimeni pia nyumba kutoka kona hadi kona ya mkabala, mara zote mbili: √(9² + 6²) = √117, yaani mita 10.82. Ikitofautiana, kona zimepinda, na bati huko juu hazitakaa.

Hatua ya 2: Mteremko. Nusu ya upana ni mita 3. Kimo nimechagua mita 1.25. Kwa Pithagorasi, ubao wa mteremko wa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) ni √(3² + 1.25²) = mita 3.25. Tanjenti ni 1.25 ÷ 3, pembe kama nyuzi 22.6. Maji ya masika yatashuka bila kusitasita.

Hatua ya 3: Kutokeza nje ya ukuta. Tuseme sentimita 60, zikipimwa kwa usawa wa ardhi, si kwa kufuata mteremko. Ubao lakini unafuata mteremko, kwa hiyo 0.60 × 3.25 ÷ 3 = 0.65. Jumla ni mita 3.90.

Hatua ya 4: Bati. Hapa tulieni. Chukulieni duka lina bati za mita 2. Mbili zikilaliana sentimita 15 zinafunika mita 3.85. Tumepungukiwa sentimita 5! Ukiung'ang'ania mchoro, utaongeza mstari wa tatu wa vipande: kukata, misumari zaidi, na kiungio kingine cha kuvuja. Kwetu huku pwani, bati likishakatwa, ukingo ule mbichi huliwa na chumvi mapema.

Basi rudini kwenye mchoro. Punguzeni kutokeza kutoka 60 hadi 55: 0.55 × 3.25 ÷ 3 = 0.596. Jumla 3.846. Bati mbili zinatosha, na ukuta bado umekingwa. Huo ndio usanifu.

Idadi: urefu wa paa, likitokeza sentimita 30 kila mwisho wa nyumba, ni 9 + 0.3 + 0.3 = mita 9.6. Bati likishalaliana ubavuni tuseme linafunika sentimita 70 (pimeni la kwenu, hutofautiana). 9.6 ÷ 0.7 = 13.7, chukueni 14. Mara mistari miwili, mara pande mbili: bati 56.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini 13.7 isiwe 13, kisha tuzivute kidogo?*

Marahaba mwanangu. Bati 13 zinafunika mita 9.1. Nusu mita itabaki wazi, na ukizivuta unapunguza kulaliana, upepo wa kusi utasukuma mvua ndani. Kwenye vifaa tunakadiria kwenda juu daima.

*Kaka, bati likiishia sawasawa na ubao, maji si yatarudi kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa?*

Yatarudi, umeona mbali. Bati lisifike kileleni kabisa. Acha pengo la sentimita 5 kila upande, kofia (bati la kufunika kilele) italifunika, na chini bati litatokeza kiasi hichohicho kuingia kwenye gata, mfereji wa kupokea maji.

*Nataka kukinga maji ya mvua. Eneo nitumie la bati lenyewe?*

Hapana, dada. Mvua inahesabiwa kwa kivuli cha paa chini: 9.6 × (6 + 0.55 + 0.55) = mita za mraba 68.16. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 20 itakupa kama lita 1,363. Toa kinachomwagika na kile cha kwanza cha kusafishia bati, tangi la lita 1,000 bado linajaa.