Namna ya kufumbua mashairi ya roki kuhusu mwanzo mpya

Sikiliza wimbo mara mbili bila kusoma maneno, kisha uyasome bila muziki. Andika kando nani anasema, anamwambia nani, na vitenzi viko wakati gani. Hapo ndipo wengi huteleza: "nitaondoka" si "nimeondoka". Wimbo uliojaa ahadi za wakati ujao mara nyingi unahusu mtu aliyekwama, hata kama gitaa linashangilia.

Halafu fuata taswira moja tu, tuseme alfajiri, mto au barabara, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Je, inabadilika? Kiitikio kikirudi na neno moja tofauti, lipigie mstari. Aghalabu fumbo limejificha hapo. Daraja, ile sehemu isiyofanana na beti wala kiitikio, nalo hubeba shaka au uamuzi.

Historia ya wimbo iache mwisho. "New Year's Day" (Siku ya Mwaka Mpya) wa bendi ya U2, wa 1983, ulianza kama wimbo wa mapenzi, ukaja kuhusishwa na Solidarity, vuguvugu la wafanyakazi la Poland lililopinga serikali ya kikomunisti. Ukianza na habari hiyo utaona siasa tupu. Na mstari usioeleweka kabisa? Huenda umewekwa kwa ajili ya vina tu.