Jina la mtaa lisikudanganye

Mnaohamia Kaunti ya Montgomery, Maryland: tangazo la nyumba likisema "Silver Spring", usidhani umeshajua shule ya mtoto. Hiyo ni anwani ya posta tu, na eneo lake ni pana mno. Nyumba mbili zote za Silver Spring, watoto wa moja hupangiwa hai skuli (sekondari) ya Blair, wa nyingine ya Springbrook. Ingiza namba ya nyumba na barabara kwenye tovuti ya shule za kaunti kabla hujalipa hata senti.

Halafu pima umbali wa nyumba hadi shule. Mtoto wa shule ya msingi anayekaa ndani ya maili 1 kwa kawaida hapati basi la shule. Wa hai skuli, maili 2. Januari, theluji imejaa, utazijua hizo maili.

Alama ambazo shule hupewa mitandaoni mimi huzipita. Naenda kusimama nje ya geti la shule watoto wakitoka.